Kikombe cha Pili

Mzee Shomvi alikuwa amempigia binti yake simu ya video kwenye kompyuta, na binti yake, Mize, alikuwa amemfunika kwenye skrini kwa kazi za ofisi, dirisha juu ya dirisha. Ilibaki sauti tu. Kila mzee alipotua, Mize aliitikia, "Ee, baba," huku vidole vikiendelea kuchapa.

"Mize, kinapoa hiki."

"Ee, baba."

Kiti cha mzee kikakwaruza sakafu.

"Haya, mwanangu. Nakuacha na kazi zako."

Vidole vikasita. Kinapoa nini? Mize akaanza kumtafuta. Akafunga barua za bosi, akafunga ripoti, akafunga jedwali ambalo hata hakulihifadhi. "Baba! Baba, nipo!"

Dirisha la baba lilikuwa la mwisho, chini kabisa. Simu haikukatwa, mzee hakuwahi kujua kuikata. Kiti kilikuwa kitupu. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Cha kwanza alikuwa amekwisha kukinywa. Cha pili kilikuwa kimesogezwa mpaka mbele ya kamera, kishikio kikimwelekea Mize, na chai yake imefanya utando.