Viti Arobaini

Ushuru wa viti vizima kutoka nje ulipopanda maradufu, mwanasheria alimshauri mwenye kiwanda aagize vipande, aviunge mwenyewe baada ya ukaguzi. Sheria iliruhusu.

Siku ya ukaguzi alimfungulia afisa wa forodha mlango wa ghala, kifua mbele. Kifua kikanywea. Viti arobaini vilikuwa vimesimama wima, na mama yake katikati, bisibisi mkononi, jasho likimdondoka puani.

"Mwanangu, wamekuletea vitu vilivyovunjika!" mama alilalamika. "Nimevitengeneza vyote."

Afisa alikalia kimoja, akajitikisa. Kikatulia tuli. Akatoa kalamu.

"Shikamoo, mama. Kwa hiyo hivi ni vizima?"

"Marahaba. Vizima kabisa! Andika, baba, asije mtu akamdharau mwanangu."

Mwenye kiwanda akaketi sakafuni.