Bluu Chini ya Njano

Tangu asubuhi Nives na mwanawe walikuwa wamemaliza visiwa vitatu vya Venisi, mwana akiendesha mashua, na kwenye kila gati Nives alitikisa kichwa: si hapa. Walipofika kisiwa cha Burano, akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe wa zamani na kukataa tena.

“Nyumba yetu ni ya bluu,” alisema. “Baba aliipaka ili aione hata kwenye ukungu akirudi kutoka kuvua. Hii ni ya njano.”

“Mama, tuliiuza. Mwaka wa tisa huu.”

Nives hakumsikia. Alitoa mfukoni ufunguo wa zamani wa nyumba, akaanza kuukwangua ukuta taratibu. Njano ikabanduka kama ganda la yai. Chini yake bluu ikachungulia, ndogo kama ukucha. Akaigusa kwa kidole, akacheka.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. “We bibi! Ukuta wangu huo! Una wazimu?”

“Samahani, dada,” mwanawe alisema kwa aibu. “Nitaupaka mwenyewe. Mama anatafuta kwao.”

Mwenye nyumba akautazama ule ufunguo, kisha ile bluu chini ya kidole cha Nives.

“Umechelewa kurudi nyumbani, mama,” alisema. “Haya, vua viatu uingie. Nimetoka kupiga deki.”