Mpangaji wa Casilda

"Mimba ni ya nani?" Sajenti Peñalver aliuliza kwa mara ya pili, akimsukumia Evaristo sigara moja juu ya meza ya kituo cha polisi.

Evaristo Landa, mwandishi wa riwaya, hakuigusa. Kando yake alikaa Casilda, mjane mwenye nyumba aliyopanga, kajifunika shali jeusi, macho sakafuni. Mumewe Basilio alipotelea vitani kwenye mto Ebro, upande wa walioshindwa, ambao serikali bado iliwasaka na kuwapiga risasi, na tangu siku hiyo hajavaa rangi nyingine. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na kijiji kizima kilimtafuna, maana watu hawana kitoweo kitamu kama aibu ya mwenzao.

"Siri ya mtungi muulize kata," sajenti alisema. "Na kata ni wewe, unalala chumba cha pili. Tena nasikia kazi yako ni kusikiliza. Unashinda kilabuni na glasi moja ya divai, unaandika wanayosema wakulima wa shayiri."

"Neno kwa neno. Sitii la kwangu hata moja."

Alilisema kwa fahari, na ilikuwa kweli. Riwaya yake ilikuwa Madrid kwa wakaguzi wa serikali, ambao walikuwa wameshaikatakata hadi ikabaki mifupa. Kilichosalia ni sajenti wa kijiji kuthibitisha kwamba mwandishi ana mwenendo mwema. Pasipo hilo, kazi ya miaka ingeishia jikoni kuwashia moto.

"Basi nisikilize, Don Evaristo. Sema si wewe, na kitabu chako kitoke. Lakini mimi sitatulia bila kumjua mwanamume anayeingia nyumba ile. Mama huyu ananunua tumbaku dukani, na wewe huvuti. Kesho naleta vijana, tunapekua dari, zizi, mpaka chini ya sakafu."

Casilda akashika ukingo wa meza. "Alikuwa mtu wa kupita, Sajenti. Muuza vyungu. Hata jina simjui."

"Muuza vyungu! Barabara ilizibwa na theluji kuanzia Krismasi hadi wiki iliyopita, yeye aliruka kama kunguru?" Sajenti alicheka peke yake, kisha akamwinamia Casilda. "Usinifanye mjinga, mama."

Nje, farasi wa kituo alikuwa akipiga kwato kwenye mawe. Evaristo alikifikiria kitabu chake.

"Mimba ni yangu," alisema. Akaichukua ile sigara na kuiwasha. "Na tumbaku ni yangu."

Casilda aligeuka, akamkodolea macho. Evaristo alivuta moshi, akakikaza kifua kisikohoe.

"Kumbe!" Sajenti alipiga meza kwa kiganja. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama! Padri alikusifu hapa juzi, maskini. Haya, kitabu chako kiage. Na Jumatatu upande basi, mzinzi mkubwa wewe, nisikuone tena hapa."

"Na upekuzi?"

"Nipekue nini tena? Mwizi si huyu hapa?"

Walirudi kwa miguu, Casilda mbele, yeye nyuma. Kwenye bomba la maji wanawake waliacha kuteka ili wawaone vizuri. Mmoja akatema mate. "Mumewe hata kaburi hana," alisema kwa sauti, "na yeye anajaza tumbo!" Evaristo alivua kofia akawasalimu, ingawa moyo ulimuuma kwa ajili ya kitabu kile kama mtu aliyefiwa.

Nyumbani, Casilda alitia komeo mlangoni. Akapakua supu ya vitunguu saumu, bakuli mbili.

"Hujanigusa hata kidole," alisema, na machozi yakamtoka. "Kwa nini, Don Evaristo? Umejiharibia kila kitu kwa ajili ya mtoto wa muuza vyungu?"

Evaristo akaenda kabatini, akarudi na bakuli la tatu.

"Mwite mumeo atoke ale," alisema. "Supu inapoa."