Kizingiti cha Marsela

Marsela alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa kanisa, lakini hakuwa akisali. Alikuwa akifunga nyaya mbili kwenye kizingiti kipya, huku akicheka peke yake kwa jinsi moyo ulivyokuwa unamdunda.

Kizingiti hicho alikimwaga mwenyewe: saruji, mchanga, vumbi la mkaa, na nyuzi za chuma alizochomoa kwenye matairi mabovu akazikatakata fupi kama kucha. Saruji tupu ikikauka haipitishi umeme wa maana. Hii ilipitisha. Mtu akiikanyaga, umeme ule uliyumba kidogo, na kimashine cha ukutani kikaongeza moja.

Majirani walimcheka mwezi mzima. Fundi gani anachanganya zege na matairi? Ila Mwalimu Nashon wa chuo cha ufundi hakucheka. Alifunga safari mpaka Mpimbwe kujionea.

"Kikihesabu sawasawa, nafasi ya maabara ni yako," alimwambia. "Wanaoingia na wanaotoka walingane. Kikikosea hata mmoja, dada yangu, turudi kwenye daftari."

"Na watoto wa mgongoni?"

"Asiyekanyaga hahesabiwi."

Mlango ulikuwa mmoja tu, na Marsela, mwalimu na katekista walikuwa ndani tayari kabla kimashine hakijaanza kuhesabu. Waumini wakaingia mmojammoja, kila mtu akijitahidi kukanyaga kwa adabu, bibi mmoja akivua viatu kabisa. Wa mwisho alikuwa Gelasius, mume wa Marsela, kambeba begani binti yao Hana, wa miaka mitatu. Jana yake walikuwa kliniki Mpanda, wakarudi na maneno yaleyale: vuteni subira.

Mia moja arobaini na sita.

Ibada nzima Marsela hakusikia neno. Alikuwa amesimama karibu na kimashine pamoja na Mwalimu Nashon, wakilinda ile namba kama maziwa yaliyo jikoni. Katekista Lyamba alipotoa baraka, Marsela alimwitikia "asante" badala ya "amina".

Akarudisha namba kwenye sifuri, watu wakaanza kutoka. Marsela hakuthubutu kutazama nyuso zao. Macho yalikuwa kwenye namba tu. Mia moja ishirini. Mia moja arobaini. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Alishaanza kunyoosha mkono ampe mwalimu, akili ikielea kama ya mtu aliyekunywa pombe ya asali.

Kimashine kikaongeza moja.

Mia moja arobaini na saba.

Nje vikapasuka vigelegele. Marsela alitamani ardhi immeze. Wanamshangilia, hawajui lililompata.

"Kuna mtu aliingia kwa dirisha?" aliuliza Mwalimu Nashon.

"Madirisha yana nondo," alisema Lyamba. "Labda mbuzi alilala humu."

"Mbuzi angehesabiwa mara nne."

Hata hivyo wakainama chini ya mabenchi, watu wazima watatu, wakimtafuta mbuzi ambaye kama alikuwepo basi alishatoka. Lyamba akashikwa na kicheko, akasema huenda Roho Mtakatifu safari hii ameamua kutoka kwa miguu. Marsela naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Akarudi kwenye kizingiti, akagusa nyaya: zimekaza. Akapapasa saruji: kavu. Hakuna ufa.

"Kimekosea, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Wameingia mia moja arobaini na sita. Huyu mmoja sijui katoka wapi."

Vigelegele vya nje havikukoma. Marsela akainua uso, awaombe wanyamaze kidogo.

Gelasius alikuwa amesimama uani, mdomo wazi, mikono mitupu. Hatua tano mbele yake, Hana alikuwa akipepesuka kama mlevi, akimfuata jogoo wa katekista kwa miguu yake mwenyewe.