Msafara wa Nunzio Cacciola

Nunzio Cacciola alisimama ghafla, na watu zaidi ya ishirini nyuma yake wakasimama pia.

Akapiga hatua mbili. Wakapiga mbili. Akageuka, wakampiga picha.

Wote walivaa kofia za ukindu, miwani myeusi na kibandiko cha njano kifuani. Bandarini Messina meli ya watalii ilikuwa imetia nanga tangu alfajiri, naye, kwa kuogopa jua, alikuwa ametoka na mwavuli mwekundu, kauinua juu kama wafanyavyo waongoza watalii. Basi wamepotezana na mtu wao, akawaza, wakanishika mimi.

"Siye mimi!" alipaza sauti. "Mimi nakwenda kwa mke wangu!"

Wakatabasamu. Hawakuelewa hata neno, maskini.

Tangu Pasaka Melina alikuwa kwa dada yake, juu mlimani, kwa sababu Nunzio, mbele ya wageni, alisifu mabiringanya ya shemeji kuliko ya nyumbani. Kila Jumamosi alitoka kwenda kuomba radhi, na kila Jumamosi akaishia baa.

Leo pia aliingia baa. Wakaingia wote, wakajaza meza, wakamkodolea macho mpaka barafu ya kahawa aliyokuwa akila ikampalia.

"Nunzio," kinyozi mmoja, jina lake Tano, alimwita kutoka pembeni, "umeanza lini kufuga watu?"

"Wamenifuata wenyewe! Sijui hata niwapeleke wapi."

"Wapeleke kanisani, kuna kivuli."

Akawapeleka. Saa sita mchana simba wa shaba, sanamu ya mitambo, akanguruma juu ya mnara wa saa, wakapiga makofi, na Nunzio akaanza kunogewa.

"Huyu," alieleza kwa mikono na meno, "zamani alikuwa anakula watoza kodi tu!"

Wakaguna kwa mshangao. Nyumbani hajawahi kusikilizwa hivyo.

Lakini alipotaka kukata kona arudi kwake akalale, alikuta kichochoro kimezibwa na watu wake, wamebanana wanapiga picha pipa la taka. Njia iliyobaki wazi ilikuwa ya ngazi, ile ya mlimani.

Alifika kwa shemeji akihema. Mkono ukagoma kugusa kengele. Bibi mmoja mnene, aliyekuwa mbele ya wenzake, akapepesuka, na kiwiko chake kikaibonyeza.

Melina akatokea roshanini. Akamtazama mumewe, akautazama umati.

"Ndio nani hao?"

"Watalii, hata usiniulize. Melina, nilikosea. Ulimi wangu hauna akili. Nakula mkate mkavu, naongea na kiti chako. Rudi nyumbani, mke wangu." Hakujali tena nani anatazama.

Roshani ikawa tupu. Kisha mlango ukafunguka, Melina akatoka na sanduku, macho mekundu, akamfuta mumewe jasho kwa kiganja.

Nunzio akawageukia wageni wake, akanyoosha mkono kuelekea baharini. "Meli! Kule! Kwaherini!"

Hakutikisika mtu. Melina akampita, akambusu yule bibi mnene mashavu yote mawili.

"Asante, Mama Ciccina. Kwaya nzima imekuja kumleta?"

"Wote, mwanangu, isipokuwa mpiga kinanda," bibi alijibu kwa Kisicilia safi, akibandua kibandiko chake. "Huyu mume wako ni mzito kuliko ng'ombe."