Kuku Amekalia Oda

Kiwandani kote vyerehani vilikuwa vimenyamaza, na lawama zote alitupiwa Bi Tunu, mchongaji wa vifungo vya vifuu vya nazi, aliyeitwa kutoka nyumbani kwake.

"Mashati yamejaa hadi mlangoni, kifungo hata kimoja hakuna!" msimamizi Sekiete alifoka. "Visipofika kesho, kazi nampa mwingine."

"Baba, mimi nachonga kreti la vifungo likirudi kwangu tupu; hiyo ndiyo oda yangu. Si ndivyo tulivyopatana? Haya, kreti langu liko wapi?"

Sekiete akatoka naye kulisaka. Wakalitafuta stoo, wakalitafuta jikoni, mwishowe wakalikuta nyuma ya kibanda cha mlinzi. Tupu halikuwa. Kuku wa mlinzi Chande alikuwa amejaa humo kama bibi harusi, anaatamia.

"Mtoe!" Sekiete akaamuru.

"Mtoe wewe, bosi," Chande akajibu. "Mimi jana kanidonoa. Na ukimkurupusha atayasusa mayai, shauri yako."

Sekiete akanyoosha mkono. Kuku akaguna mara moja tu, mkono ukarudi mfukoni.

Bi Tunu akameza kicheko. Akaingia ndani, akarudi na mashati yasiyo na vifungo, akayaviringisha yakawa kiota. Akayahamisha mayai moja moja huku akidonolewa, kisha akaliinamisha kreti taratibu hadi kuku akashuka.

Sasa kreti lilikuwa tupu, na kazi ilikuwa inamngoja nyumbani. Bi Tunu akalikumbatia, lakini hakuondoka; alitaka kuona kama mayai yatasuswa. Kuku alikuwa amesimama mbele ya kola za kile kiota cha mashati, mguu mmoja juu, akiyatazama mayai yake.