Ubeti wa Kiboko

Kwa miaka sita Mwanakheri alimkejeli meya kwa sauti tu, ndani ya katuni ya watu wazima, akiigiza sauti ya mhusika Kiboko. Sasa katuni inageuzwa kuwa filamu ya taarabu. Amesimama jukwaani mbele ya kamera na hadhira, uso wazi, na meya amekuja kusikiliza kama huyo Kiboko ni yeye meya kweli.

“Ruka ubeti wa tatu, dada,” mpiga kinanda alinong'ona.

Alitaka kuruka. Mazoea yakamponza, akamwimba Kiboko aliyemeza kisima cha mji.

Mke wa meya aliinuka, akacheza polepole hadi jukwaani, akamtunza Mwanakheri kwa kumvika bangili yake ya dhahabu huku akimtazama mumewe.

Kisha meya naye akainuka, mkono mfukoni, isijulikane kama anatafuta noti ya kumtunza au simu ya kuita polisi, akaanza kupanda ngazi za jukwaa.